Nani Alimwaga Kamongo Ziwani

Kashunju, 4 Februari 2007

Kwako mutoto wangu Aimée,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za wale wasiokusalimia. Mama yako mudogo Mukasine iko muzima. Mugongo tu njo unamusumbua, lakini unamusumbua zaidi siku za kulima kuliko siku za soko, kwa hiyo hatujaamua kama ni ugonjwa. Fifi wetu alizaa mutoto mwanaume, wakamupa jina Guylain. Ana sauti ya muntu anayeuza kitu. Ng'ombe wa jirani alikula kabichi zetu zote, na jirani anasema ng'ombe wake hapendi kabichi. Askari wapo, wa kila upande, wanapita wanauliza njia ya Mushaki. Tunawaonyesha wote njia moja, kwa sababu iko moja.

Sasa jambo lenyewe.

Unakumbuka ziwa letu lilivyokuwa. Vile visamaki vyenye tumbo la manjano, muntu alikuwa anatoa kikapu kizima kabla ya chai. Leo unatega siku tatu unatoa viwili na jani. Lakini kamongo wamejaa. Wewe uliondoka bado hawajazoeleka: samaki murefu kama mukono wa shati iliyolowa, anapanda juu kupumua hewa kama sisi, na maji yakikauka analala ndani ya matope. Hakuwa wa hapa. Ni wa ziwa la Vitshumbi, kule Papa Grégoire wa Butembo anakonunua samaki za duka lake. Basi ona watu wanavyopiga hesabu: kamyo ya mizigo ya Grégoire inatoka Vitshumbi, kamongo ametoka Vitshumbi, kwa hiyo Grégoire njo alimwaga kamongo ziwani, na kamongo akamaliza samaki wetu.

Mbonigaba, prezida wa komite ya ziwa, alisema mbele ya kanisa kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi komite itakata neno. Aliyeleta kamongo atatoka Kashunju, na nyumba yake itafungwa. Hakutaja jina la muntu. Alikuwa anaangalia duka.

Grégoire iko hapa mwaka wa kumi na sita. Muke wake Emérita tulimuzika hapa, juu ya kilima. Aende wapi?

Mimi nilipasua matumbo ya kamongo sitini na tatu na kuandika yote katika kaye, daftari langu la samaki. Konokono, konokono, majani, konokono, kifungo cha shati, konokono. Nilimupelekea Mbonigaba. Akaniambia: «Evode, tumbo linaonyesha chakula cha asubuhi. Ukimukamata mwizi amekula mihogo, utasema hajawahi kuiba kuku?» Iliniudhi kwa sababu ni kweli.

Wewe ulisoma mambo ya maziwa na samaki kule Bukavu. Hakuna njia ya kumuuliza samaki amekula nini mwaka muzima? Na yule profesa wako wa Ulaya, atakuita lini kuendelea na masomo? Mama yako ananiuliza kila Jumapili.

Ni mimi baba yako mudogo,
Evode Nzabandora


Kibua, 11 Machi 2007

Papa mudogo Evode,

Barua yako ilitembea wiki tano. Shofere Valentin anasema kamyo ya Papa Grégoire ililala siku kumi na moja kwenye kizuizi, na kila askari mupya alitaka kusoma barua, hata wale wasiojua kusoma. Umupongeze Fifi. Huku Walikale niko muzima. Nafundisha biolojia wanafunzi thelathini na wanane kwa kitabu kimoja, na hicho kitabu muchwa walikula kuanzia sura ya uzazi. Mukurugenzi anasema ni mapenzi ya Mungu.

Njia unayoitafuta iko. Sikiliza vizuri, Papa mudogo, na usirukie mwisho kama kawaida yako.

Ndani ya nyama yote kuko azoti, wengine wanaiita naitrojeni. Azoti iko nyepesi na iko nzito, na tofauti yake ni ndogo hivi kwamba inatakiwa mashini maalum kuiona. Hizo aina njo wanaita isotopi. Mnyama akikula, ile nyepesi anakojoa zaidi, ile nzito inabaki mwilini. Konokono anakula majani: anapanda daraja moja. Anayekula konokono anapanda daraja lingine, karibu hesabu tatu na nusu kila mara. Ukipima nyama ya kamongo, unajua anakaa daraja gani: la kula konokono ao la kula samaki. Kaboni nayo inaonyesha chakula kilianzia wapi, kwa majani ya kando ya ziwa ao kwa ule uchafu wa kijani unaoelea katikati. Na nyama ya mugongo haisemi asubuhi tu. Inasema miezi mingi. Mbonigaba hatakuwa na la kujibu.

Nilimwandikia profesa. Amekubali kupima vipande thelathini, hapana kimoja zaidi. Unitumie kamongo kumi, samaki wadogo wanane, konokono watano, majani ya maji matano. Na viwili vya mwisho, kama kuko samaki mudogo yeyote wa zamani, wa mbele ya kamongo kuingia, hata amekauka kama kiatu, huyo njo wa maana kuliko wote. Kila kipande kama punje ya haragi, nyama ya mugongo, bila ngozi. Bila chumvi. Bila mafuta. Bila moshi, isipokuwa wale wa zamani, kama walikwisha kukaushwa hatuna la kufanya. Kausha juani juu ya bati safi, funga kila kimoja katika karatasi yake, andika jina. Mimi nitapeleka kwa ndege za wafanyabiashara wa mawe ya madini mpaka Goma, na kutoka Goma watapata njia ya Ulaya.

Kuhusu profesa kuniita, nitakuandikia siku nyingine.

Mutoto wako,
Aimée Umuhoza


Kashunju, 22 Aprili 2007

Mutoto wangu,

Huku tuko. Mutoto Guylain ameota jino, na muchungaji wa ng'ombe wa jirani ameota ujasiri: sasa anasema kabichi zililiwa na kamongo.

Nimetuma vipande thelathini katika boksi ya sabuni. Nilihesabu mara nne. Jambo la mukojo wa azoti nilimueleza Papa Grégoire, akacheka hata akashika meza. Alisema: «Evode, miaka yote hii ninakula samaki, na sikujua kwamba anaweka hesabu vizuri kuliko mimi.» Kisha akarudi kwa mahesabu yake. Siku hizi kicheko chake kinakatika haraka.

Wa zamani nimewapata. Unajua mwaka 1998 tulikimbia. Mukasine aliacha fungu la visamaki vikavu juu ya jiko. Tulirudi miezi saba kisha, nyumba haikuwa na mulango, haikuwa na sufuria, haikuwa hata na misumari, lakini lile fungu lilikuwa pale. Mukasine alikatalia watu kulila. Alisema kitu kilichotungoja hakiliwi. Tangu siku ile linaning'inia. Nimekata viwili alipokuwa kanisani.

Nimeweka pia, pamoja na barua hii, kaye yangu namba mbili, ya Machi 1998, ili profesa wako ajue kwamba huku pia kuna watu wanaoangalia. Asome siku ya 3: «Kamongo wamekataa mihogo.» Siku ya 5: «Wamekubali konokono. Wanavunja ganda kwa meno kama muntu anayekula karanga.» Siku ya 12, nilihesabu pumzi zao kutoka asubuhi mpaka saa sita, shingo iliniuma juma nzima. Siku ya 27: «Nilitia visamaki kumi hai ndani ya pipa. Kisha siku mbili visamaki bado kumi, na kimoja kimenona.» Sitafuti sifa. Lakini akiuliza nani aliandika, jina ni Nzabandora Evode, na shule aliishia ya mwaka wa tano.

Ulaya lini? Hukujibu.

Evode


Kibua, 8 Julai 2007

Papa mudogo,

Nawasalimu wote, isipokuwa mama mudogo Mukasine, yeye nitamusalimia nikitulia.

Boksi yako ilifika imefungwa vizuri sana, na ndege ilikuwa inaondoka siku ile ile, kwa hiyo sikuifungua. Hilo ni kosa langu, nalikubali, ni la kwanza na la mwisho katika barua hii. Leo nimepata jibu la profesa. Ameandika kwa heshima kubwa. Anauliza inawezekana vipi kwamba, katika ziwa la mlimani lenye baridi, kamongo, samaki wadogo na konokono wote wanakula michikichi.

Mawese, Papa mudogo! Mulipaka mawese! Na chumvi! Niliandika bila chumvi, bila mafuta, nikapiga mustari chini yake. Kamongo wamepakwa, konokono wamepakwa, hata MAJANI YA MAJI yamepakwa mawese, nani anapakaa jani mafuta? Mashini haioni samaki, inaona mafuta tu. Na mawese ya kwenu yanatoka wapi? Yanatoka huku, Walikale. Kamyo ya Papa Grégoire iliyapeleka Kashunju, ikayarudisha Kibua juu ya konokono, na mimi nikayapandisha ndege mpaka Ulaya. Wamepima Walikale.

Wale wawili tu wa zamani njo wametoka safi.

Profesa amekubali mara moja tena, na amesema wazi kwamba ni ya mwisho. Tunayo miezi mitatu na nusu mbele ya komite. Fanya mwenyewe, usimupe muntu.

Unijibu pia haya. Samaki wadogo walianza kupunguka mwaka gani hasa? Kamongo wa kwanza ziwani alikamatwa lini? Watu wanavua kwa nyavu gani siku hizi? Na lingine. Kaye yako sikuituma Ulaya, niliisoma. Ni kaye nzuri. Inaishia siku ya 41, chini kabisa ya ukurasa, na ukurasa unaofuata umekatwa. Kamongo wawili, katika pipa lako, Machi 1998. Siku ya 42 walikuwa wapi?

Aimée


Kashunju, 29 Julai 2007

Mutoto wangu mupendwa,

Usipandishe damu. Huku tuko wazima, mvua imekata, mama yako ameuza maharagi vizuri.

Nilimusomea Mukasine barua yako, nikiruka mahali pa kurukwa. Alisimama na mwiko mukononi. «Nitume nyama kavu, haina chumvi, haina mafuta, kwa mutoto wa shemeji yangu? Wafungue boksi kule Kibua, waseme huyu mutoto hana watu kwao?» Nikamuambia ni ya mashini. «Mashini inaendeshwa na watu, na hao watu wanakula.» Na majani je? «Niliona umesahau kuyapaka, nikakusaidia.» Nimeishi na huyu mwanamuke miaka thelathini na mbili na sijawahi kumushinda kwa maneno. Profesa wako ajaribu.

Safari hii nilikausha mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti kando ya bati siku tatu, nikilinda dhidi ya kuku na dhidi ya muke wangu. Alipita mara saba na chupa ya mawese, akisema anapita tu. Vipande ishirini na vinane, vikavu, vya aibu kabisa, visivyopendeza kumutumia hata adui. Nimelamba kila karatasi kwa nje kuhakikisha.

Maswali yako. Kamongo wa kwanza ziwani alikamatwa na Mbonigaba mwenyewe, Novemba 2000, alipiga kelele mpaka kwa shule. Samaki wadogo walikuwa bado wengi miaka ile. Vikapu vilijaa mpaka 2004. Nyavu: ziko za zamani, na ziko mustikere, vile vyandarua vya mbu walivyogawia wakimbizi wa kambi mwaka ule ule. Malaria bado iko kwa nyumba kwa sababu vyandarua viko ziwani. Wanawake wanavikokota kando ya maji asubuhi, wawili wawili, Mukasine na Rosalie pia. Vinashika kila kitu, mayai ya samaki, vitoto, hata maji yenyewe yanapita kwa shida.

Komite imeanza kuonyesha meno. Mbonigaba alimukataza Grégoire kupakua mizigo kwenye ufuko. Sasa anapakua juu ya kilima na watu wanabeba kwa kichwa.

Ulaya lini?

Evode


Kibua, 16 Septemba 2007

Papa mudogo,

Mushukuru Mungu na ndege za mawe: boksi ilifika mbele ya barua yako na iliondoka tarehe 11 Agosti. Nilifungua kila karatasi na kunusa. Hakuna mawese. Nilitaka kulia.

Najua kwenu mapigano yalifika karibu. Watu wa Masisi wanaingia hapa kwa miguu na magodoro vichwani, na mukurugenzi ameniongezea wanafunzi kumi na wawili kwa kile kitabu kimoja. Barua yako ilichukua siku arobaini na nne. Nilikuwa naogopa kuifungua, na nilipoifungua nikakuta kuku na chupa. Ahsante kwa hilo.

Lakini sasa ninakuuliza kama muntu muzima kwa muntu muzima. Nilikuuliza maswali manne. Ukajibu matatu vizuri sana, na tarehe, na kelele za Mbonigaba. La nne uliliruka kama umeona nyoka. Unanihimiza nitafute ukweli kuhusu kamongo kwa mashini ya upande mwingine wa dunia. Mimi ninauliza tu habari ya pipa lililokuwa nyuma ya jiko lako.

Siku ya 42, Papa mudogo.

Aimée


Kashunju, 30 Septemba 2007

Aimée,

Barua imefika. Mvua imeanza tena. Mukasine anakusalimia na anauliza kama boksi ilikuwa inapendeza.

Jino la pili la Guylain limetoka.

Evode


Kibua, 12 Oktoba 2007

Papa mudogo,

Hii ninaituma kwa motari wa pikipiki, kwa sababu kamyo ingefika Krismasi. Salamu kwa wote kwa haraka.

Majibu yametoka, na ni safi. Konokono wenu wako kwenye azoti 4.1. Samaki wadogo 7.2. Kamongo 7.6. Kama kamongo angekuwa anakula hao samaki, angekuwa karibu 10.7. Hayuko huko hata kidogo. Kaboni yake ni ya kando ya ziwa, sawa na konokono, na ya samaki wadogo ni ya katikati. Hawakai kwa meza moja. Wale wawili wa fungu la mama mudogo, pamoja na moshi wao, wanafanana na wa leo: kwa hiyo kamongo hakuwanyang'anya hata chakula chao. Matumbo yako sitini na matatu yalisema kweli. Profesa ameuliza nani aliyapasua. Nilimupa jina lako.

Nani basi alimaliza samaki? Mashini haipimi vyandarua. Lakini kamongo iko tangu 2000 na vikapu vilijaa mpaka 2004. Wewe mwenyewe uliniandikia mwaka, na uliniandikia nani wanakokota. Waambie. Hawatapenda.

Papa mudogo, soma hapa polepole. Isotopi zinasema kamongo amekula nini. Hazisemi nani alimwaga. Mbonigaba si mujinga, atasema: sawa, hakukula, lakini aliyemuleta ni yule yule, atoke. Na siku hiyo karatasi yangu haitamusaidia Papa Grégoire kitu. Kuko karatasi moja tu ya kumusaidia, na haiko kwangu. Ulikata ukurasa lakini sidhani uliuchoma. Hukuwahi kuchoma kitu ulichoandika.

Mimi pia niliruka swali, mara tatu, kwa hiyo nakujibu. Profesa hataniita. Ile nafasi walimupa mwingine tangu Machi. Sikusema kwa sababu mama anaitangaza kila Jumapili, na niliona aibu. Sasa umejua, na sikufa.

Komite ni tarehe 27.

Aimée


Kashunju, 4 Novemba 2007

Mutoto wangu Aimée,

Sisi tuko wazima, mugongo wa Mukasine pia. Mama yako nilimuambia habari ya profesa. Alisema Ulaya kuna baridi. Jumapili hii anatangaza kwamba wewe njo ulikataa.

Sasa komite.

Watu walijaa kwenye ufuko, wengine walipanda juu ya mitumbwi ili waone. Nilisoma namba zako zote, na daraja, na mukojo. Mbonigaba alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akasema: «Kwa hiyo kamongo ni mutakatifu. Tumutafutie altare?» Watu wakacheka. Nilipofika kwa mustikere hawakucheka tena. Rosalie alisimama: «Tuviache, halafu watoto wakule nini? Isotopi?» Mukasine alikuwa kando yake, alinitazama kwa jicho ambalo nalijua. Vyandarua vimebaki ziwani, mutoto wangu. Namba zako ni za kweli na asubuhi ya leo wamekokota kama kawaida.

Kisha Mbonigaba akasema yale uliyoandika, karibu neno kwa neno. Kamongo amekula konokono, sawa. Lakini kuko muntu alimuleta bila kuuliza muntu, na neno lilikwisha kusemwa: atoke.

Grégoire alisimama, kofia mukononi. «Nilileta kamongo wa kula,» akasema. «Niliwauza hapa, hai, ndani ya gunia lenye maji. Ziwani sikumwaga. Mimi ni muchuuzi, nitamwaga vipi kitu ninachouza?» Hakuna aliyecheka na hakuna aliyemutazama. Aliangalia juu kilimani, upande wa Emérita, kisha akakaa.

Niliwaambia: ni mimi. Niliwanunua kwake wawili, Machi 1998, nikamudanganya kwamba tuliwapika. Hata nilimusifia utamu. Mbonigaba akatikisa kichwa: «Evode, kaa. Tunajua ni rafiki yako.» Wengine wakapiga makofi, eti nina moyo muzuri. Unaelewa? Miaka tisa ninaficha, na siku ninayosema hawaniamini! Ikabidi nitoe ule ukurasa. Ulikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikasoma kwa sauti:

«Siku ya 42. Risasi ziko karibu, tunakimbia. Siwezi kubeba pipa. Nimewaangalia vizuri, ni madume wawili, nina hakika, kwa hiyo hakuna hatari ya kuzaana. Ninawaweka ziwani kwa muda. Nitawachukua nikirudi.»

Mbonigaba alichukua ukurasa, akausoma mwenyewe, kidole juu ya mustari. «Madume wawili,» akasema. Kisha muntu mumoja juu ya mutumbwi akauliza: «Na nani kati yao alizaa?» Aimée, ufuko muzima ulilala chini. Walicheka mpaka wanawake wakashikana. Mbonigaba alijizuia kwa sababu ya kazi yake, lakini mabega yalikuwa yanatembea peke yake.

Kisha wakakata neno. Kunifukuza hawawezi, babu zangu wamezikwa hapa kabla ya komite. Lakini nisikanyage ufuko tena, nisitege, nisipasue samaki wa ziwa hili maisha yangu yote. Mutumbwi wangu umechukuliwa. Grégoire abaki, na tangu Jumatatu anapakua mizigo mahali pake pa zamani.

Nilimufuata njiani. Nilifikiri atanishika mukono. Hakusimama. Alisema akitembea: «Watoto wananiita Papa Kamongo. Emérita alikwenda kaburini wakimuita Mama Kamongo. Na wewe kila juma ulikuwa unakuja kwangu kununua sukari, unakaa juu ya gunia langu, unaniuliza habari.» Nikakaza mwendo nimufikie. «Ulikuwa unaogopa nini, Evode? Kufukuzwa?» Hakungoja jibu, akaingia dukani na kufunga mulango mudogo.

Nimekaa na hilo swali siku nane. Sikuogopa kufukuzwa. Hapa wote tumekwisha kufukuzwa mara nyingi, tunajua namna ya kufunga mizigo. Niliogopa kile kicheko. Muntu wa mwaka wa tano, anayeandika kaye, anayehesabu pumzi, aliangalia samaki wawili siku arobaini na moja na hakujua dume ni yupi na jike ni yupi. Nilipendelea waseme mwenzangu ni mubaya kuliko waseme mimi sijui. Na kicheko chenyewe kilikuja, kikadumu labda dakika tano.

Hilo jibu kwako nimeliandika kwanza kwa sababu wewe njo ulinisukuma, na kwa sababu karatasi haifungi mulango. Sasa ninavaa viatu. Dukani si ufuko, ninaruhusiwa. Kama Grégoire hatatoka nyuma ya meza, nitalisema pale pale mbele ya wateja, kwa sauti, na wakitaka kucheka, wacheke.

Baba yako mudogo,
Evode